Mpishi wa Mbwa na Bakuli la Kumi na Moja

Ini linakatwa vipande vyembamba, kimoja kimoja, na kila kipande kinainuliwa kuelekea dirishani kabla hakijaingia kwenye karai. Jua la saa mbili asubuhi limeshafika kwenye meza ya saruji. Mpishi hana haraka. Anakitazama kipande upande huu, anakigeuza, anakibonyeza kwa kidole gumba. Kipande cha sita kina kifuko cheupe, kidogo kama punje ya hindi, kimejaa maji.

"Huyu hapa," anasema, kama mtu aliyemkuta mgeni asiyealikwa sebuleni.

Hakikati tena. Ini zima, kipande chenye kasoro pamoja na vile vilivyokwisha kupita mbele ya dirisha, linaingia kwenye kopo lenye kifuniko, likangoje kuchomwa moto. Kisu kinasuguliwa kwa sabuni na maji ya moto. Ubao wa nyama mbichi, ulio na alama nyeusi ya kuungua pembeni ili usichanganywe na mwingine, nao unasuguliwa.

"Mbwa akila hiki kibichi, minyoo inakulia tumboni mwake," anaeleza huku akinawa mikono mpaka kwenye viwiko. "Mayai yake yanatoka na kinyesi, yanashika kwenye manyoya, mtoto anamshika mbwa, anatia kidole mdomoni. Ndiyo hivyo. Leo watakula bila ini. Hawatakufa."

Neno hilo likishamtoka, anageuka, anachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Jiko hili liko nyuma ya stoo ya kampuni ya ulinzi. Ni chumba kimoja chenye paa la bati, mlango usio na kitasa na rafu ndefu ya mbao. Juu ya rafu yamepangwa mabakuli ya bati kumi na moja, kila moja limeandikwa namba kwa rangi nyekundu. Mbwa ni kumi na mmoja. Kila jioni wanapakiwa kwenye gari pamoja na walinzi wao kwenda kulinda maghala, shule na viwanda, na asubuhi wanarudi kulala.

Mpishi ana miaka hamsini na minane. Amewapikia kwa miaka sita sasa. Walinzi wanamwita Mama Mizani, kwa sababu haingizi kitu chochote kwenye sufuria kabla ya kukipima. Jina hilo amelipokea vizuri. Kabla yake alikuwa na jina jingine, na lile hakulipenda.

Kila siku anaosha mabakuli kumi na moja. Kila siku anajaza kumi. La kumi na moja analifuta kwa kitambaa safi na kulirudisha mwisho wa rafu, limefunikwa kifudifudi. Limekaa hivyo kwa miezi kumi na minne.

Saa nne nyama inawekwa kwenye mizani. Ni mapafu, moyo na nyama ya kichwa, vitu ambavyo mwenye bucha huviuza kwa bei ndogo kwa sababu wanunuzi wengi hawavitaki. Na hapo ndipo mtu mgeni anaposhangaa, maana mpishi anaanza kuongea peke yake, kwa sauti ya kusikika mpaka nje.

"Nyama, kilo nne na robo. Chenga za mchele, kilo moja. Maboga, kilo moja na nusu, yamemenywa, mbegu zimetolewa."

"Anaisomea sufuria hukumu!" anapiga kelele mtunza stoo kutoka upande wa pili wa ukuta. Ni mwanamume mnene, mcheshi, ambaye kazi yake ya kwanza kila siku ni kumchokoza mpishi, na ya pili ni kugawa betri za tochi. "Mama Mizani, mwambie na sisi tunasikia njaa!"

"Wewe njaa yako haina namba kwenye mizani hii, baba."

"Lakini kwa nini unajisumbua na kuni? Mbwa ni mnyama. Babu yake alikula nyama mbichi porini, hakuwa na jiko wala mpishi."

"Na babu yake alikufa na miaka mingapi, ulimuuliza?" Mpishi hainui hata kichwa. "Tena yule alikula mnyama wa dakika ile ile. Hakula mapafu yaliyokaa kwenye ndoo juani toka machinjioni. Ukiwa na barafu ya kugandishia, na daktari wa kukagua, mpe mbichi. Mimi sina barafu. Nina kuni."

Mtunza stoo anacheka mpaka anakohoa. Mpishi hacheki, ila pembe moja ya mdomo inasogea.

Hakuna aliyemwagiza kutaja vitu kwa sauti. Alianza mwenyewe, miezi kumi na minne iliyopita. "Nataka pawe na mtu aliyesikia," anasema. "Hata kama ni yule mnene wa stoo."

Kabla ya hapa alipika kwenye shule ya bweni kwa miaka kumi na tisa, watoto mia nne, sufuria mbili za kuingia mtu mzima. Shule ilipofungwa, dada yake alimpa habari ya kazi hii. Alipofika aliwakuta mbwa wanakula ugali mkavu na mifupa, mbavu zao zinahesabika kwa mbali. Alisikitika. Akajiambia hawa nao ni watoto wa bweni, tofauti ni miguu tu.

Aliyemtangulia jikoni alimwachia agizo moja: usiweke chumvi. Alilishika. Miaka minne na ushee mambo yalikwenda vizuri. Mbwa walinenepa, manyoya yakang'aa, walinzi wakaanza kumletea salamu kutoka majumbani kwao.

Kisha ukaja msimu vitunguu vilipojaa sokoni mpaka vikawa vinamwagwa. Mwenye gari la mboga alimpa magunia mawili kwa bei ya kutupa.

"Nilifurahi," anasema. Anayasema haya akiwa amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti. "Kwa sababu moyoni siku zote nilikuwa naona kile chakula kina aibu. Hakina chumvi, hakina kiungo, kinanuka maji tu. Mimi nimepika maisha yangu yote. Chakula bila kitunguu ni adhabu. Nikasema, sasa na hawa wale kama watu."

Akawa anaweka kilo tatu kila siku. Anavikaanga kwanza mpaka vinabadilika rangi, jiko zima linanukia, walinzi wanapita mlangoni wanameza mate. Mbwa walilamba mabakuli mpaka yakawa hayahitaji kuoshwa. Aliyependa kuliko wote alikuwa mbwa wa bakuli namba kumi na moja, dume kubwa la rangi ya kahawia lililoitwa Ngao. Akimaliza lake, mlinzi wake alimwongezea na mabaki ya wenzake.

Siku ya tano Ngao hakupanda gari. Alisimama chini, akaitazama ngazi kama mlima. Mlinzi wake, mtu mrefu wa maneno machache ambaye wenzake wanamwita Kimya, alimbeba akampandisha. Siku iliyofuata mbwa wengine watatu walikuwa wamelala ubavu, wanahema kwa shida. Mkojo wa Ngao ulikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Kimya alifunua mdomo wa mbwa, akakuta fizi nyeupe kama karatasi.

Aliitwa daktari wa mifugo, mwanamke kijana mwenye begi la turubai. Aliwapima, akauliza wanakula nini.

"Nilimjibu kwa majivuno," anasimulia mpishi. "Nikamwambia, daktari, hawa wanakula chakula hata wewe ungekaa ukala. Akaniuliza kina nini ndani. Nikamtajia. Nilipofika kwenye vitunguu akaacha kuandika. Akaniuliza, vingapi? Nikasema, vipo vya kutosha. Hapo nikaona uso wake. Sikuhitaji kuambiwa."

Kitunguu, kiwe kibichi au kimepikwa, kinaharibu damu ya mbwa. Kidogo kidogo cha kila siku kinajikusanya mpaka damu inashindwa. Vitunguu saumu vivyo hivyo. Mpishi hakuwa na habari hiyo. Wale watatu walipona, mmoja baada ya wiki tatu. Ngao alikufa alasiri ile ile, kichwa kikiwa juu ya kiatu cha mlinzi wake.

Kimya alichukua sepetu, akachimba nyuma ya ukuta mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Alipomaliza alikuja mpaka mlango wa jiko, mikono ina udongo.

"Ulikuwa hujui," alimwuliza mpishi, "au hukuuliza?"

Mpishi hakujibu. Mpaka leo hajamjibu.

"Jibu ninalo," anasema sasa, polepole. "Sikuuliza. Kutojua si kosa langu. Lakini daktari alikuwa anapita hapa kila baada ya miezi miwili kuwachanja, anasimama pale pale mlangoni, ananisalimia. Miaka yote hiyo sikumwuliza hata siku moja. Nilijiona najua kupika."

Kuanzia siku ile Kimya, aliyekuwa akimwita mama, alianza kumwita mpishi. Wengine nao waligeuza jina. Kwa wiki kadhaa akawa Mama Kitunguu. Mtunza stoo peke yake ndiye ambaye hakuwahi kulitamka.

Meneja alitaka kumwondoa na kununua chakula cha mbwa cha mifuko. Alipopiga hesabu akakuna kichwa: mfuko mmoja kwa mbwa kumi na mmoja unakwisha kwa siku tatu, na mshahara wa mwezi wa mpishi hauwezi kununua hata mifuko mitano. Chakula cha sufuria, kuni zikiwemo, kilikuwa theluthi ya gharama ile. Daktari akamwambia meneja afundishwe huyu huyu, maana mtu aliyeungua ndiye anayeogopa moto.

Mafundisho ya daktari yalichukua Jumamosi tano. Karatasi iliyotokana nayo imebandikwa ukutani, ndani ya mfuko wa nailoni ili mvuke usiilowanishe. Mpishi aliiandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la saba. Juu kabisa kuna maneno matatu: ULIZA KABLA HUJAPIKA. Chini yake ni vitu visivyokanyaga jiko hilo: kitunguu cha aina yoyote, chumvi, chokoleti, zabibu, unga wenye ukungu hata kama umepepetwa, na mifupa iliyopikwa.

Vingine havipo kwenye karatasi, viko mikononi. Maganda ya mayai anayaomba kwa mama wa chapati jirani, anayachemsha, anayakausha juu ya bati la moto na kuyatwanga mpaka yawe laini kama poda. Vijiko vidogo vinne na nusu kwa sufuria moja, kwa ajili ya mifupa na meno. Kuna na unga wa madini na vitamini ambao daktari huuleta, kwa sababu, kama mpishi anavyosema, "nyama na wali vinashibisha, lakini kushiba si kutosha." Ini, likipatikana zima, ni robo kilo tu, hata mbwa wangelipenda vipi. Chakula kinapoa kabisa kabla ya kugawiwa, na kilichobaki kwenye bakuli baada ya nusu saa kinaondolewa.

Kila mbwa hupata robo tatu ya kilo, na siku ya kupima uzito kiwango kinapanda au kushuka. Mwaka huu daktari ameitwa mara moja tu kwa ajili ya tumbo la mbwa, na huyo aliiba soksi akaimeza.

Lakini bakuli namba kumi na moja lilibaki kifudifudi.

Baada ya Ngao, Kimya alipewa jike la mwaka mmoja, jeusi, lenye masikio yasiyotulia. Analiita Tulia. Siku ya kwanza alikuja jikoni, akamwambia mpishi bila kumtazama, "Wangu nitamlisha mwenyewe." Tangu hapo kila jioni anakuja na kopo la plastiki kutoka kwenye mgahawa ulio njiani kwake. Analifungulia chini ya mti ulio karibu na bomba la maji, mgongo ameugeuzia jiko.

Mpishi aliyaona yote hayo dirishani. Aliona manyoya ya Tulia yanafifia. Aliona anavyojikuna. Akajiambia mdomo wangu hauna haki.

Mwezi uliopita, jioni moja, alikwenda bombani kuchota maji. Kopo lilikuwa wazi. Ndani mlikuwa na wali mtupu na mifupa ya kuku iliyopikwa. Kimya alikuwa ameinama, anaiosha ile mifupa mmoja mmoja chini ya maji, anaisugua kwa kidole ili kusibaki hata tone la mchuzi wenye kitunguu.

"Niliposhuhudia vile anavyoosha," anasema mpishi, "niliona kazi yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuogopa. Lakini nilimfundisha kitu kimoja tu."

Aliweka ndoo chini, akaingiza mkono kwenye kopo, akaitoa mifupa yote.

"Unafanya nini?" Kimya alisimama.

"Mfupa wa kuku ukipikwa unapasuka kama kioo. Unachana utumbo. Usimpe."

"Wewe? Wewe ndiye wa kunifundisha mimi?"

"Ndiyo, mimi. Nani mwingine? Hapa pote ni mimi tu niliyeua mbwa kwa chakula kizuri. Nikutazame tu na wewe uue wako?"

Walinzi waliokuwa wanafunga mikanda kwenye gari waliacha. Kimya akamlisha Tulia wali mtupu, akaondoka. Mpishi alirudi jikoni na mifupa imefumbatwa kiganjani. Usiku huo, anasema, hakula.

Mifupa haikuonekana tena kwenye lile kopo. Lakini wali mtupu haulei mbwa wa kazi, na wiki iliyopita mizani ya daktari ilionyesha Tulia amepungua kilo mbili. Daktari alimwambia Kimya mbele ya wenzake kwamba ama amnunulie chakula cha mfuko, ama amrudishe kwenye sufuria, ama atamwandikia meneja kuwa mbwa huyu hafai kwenda lindoni. Mfuko mmoja ni zaidi ya robo ya anachopata Kimya kwa mwezi, na ana watoto watatu.

Ndiyo maana leo, saa nne na nusu asubuhi, saa ambayo angetakiwa kuwa nyumbani amelala, kuna mtu amesimama mlangoni mwa jiko.

Hakubisha, mlango wenyewe hauna kitasa. Amevaa shati la nyumbani. Mpishi anamwona, anajikausha mikono kwenye aproni, halafu anaikausha tena.

"Endelea," anasema Kimya.

Upande wa pili mtunza stoo anaacha kuhesabu betri.

Mpishi anaendelea. Anataja kwa sauti kama kila siku, ila leo maneno yanatoka taratibu. "Karoti, robo kilo, zimekwanguliwa. Maganda ya mayai, vijiko vinne na nusu. Unga wa daktari, kipimo kimoja." Ini analitaja pia, kwamba halimo, na sababu yake. Kimya anasogea, anafunua kopo la ini, anakitazama kile kifuko cha maji, anafunika. Anasoma karatasi ya ukutani toka juu mpaka chini, midomo ikitikisika. Anachukua mwiko, anakoroga, ananusa.

"Hakuna kitu kingine?"

"Hakuna. Na uliniuliza swali siku ile."

"Najua nilichouliza."

"Sikuuliza. Hilo ndilo jibu. Nilikuwa na mtu wa kumwuliza, na sikumwuliza."

Kuni zinalia jikoni. Kimya anarudisha mwiko mahali pake, anakwenda kwenye rafu, anafika mwisho, analigeuza bakuli namba kumi na moja likae sawasawa.

"Jioni mwekee nusu," anasema. "Nusu tu. Nione."

Kwa miezi kumi na minne mpishi amelifuta bakuli lile akingoja kulijaza. Angeweza kusema ndiyo na mambo yakaisha. Lakini anatikisa kichwa.

"Nusu ni nyingi. Tumbo lake limezoea wali mtupu, litamharisha na utasema ni mimi. Robo leo na kesho, iliyobaki wali wako. Akienda vizuri, nusu keshokutwa. Mpaka wiki iishe ndipo tujaze."

Kimya anamtazama. Pengine alikuja akitegemea kubembelezwa.

"Robo," anasema mwishowe. "Sawa, mama."

Saa kumi jioni Tulia anakula chini ya mti wa karibu na bomba. Safari hii Kimya ameugeukia mlango wa jiko. Mpishi amesimama pale, hasogei. Jike anamaliza robo yake kwanza, kisha wali, kisha analisukuma bakuli kwa pua mpaka linagonga bomba. Kimya anachuchumaa, anaufunua mdomo wa Tulia, anabonyeza ufizi kwa kidole gumba na kuachia. Unakuwa mweupe, halafu rangi ya waridi inarudi. Wenzake wanasema hufanya hivyo kila siku tangu ampate.

Baada ya miaka miwili mpishi atastaafu. Anataka kabla ya hapo daktari ampatie mtu wa kumrithi, amkalishe kwenye kigoda mwezi mzima, amfundishe kukagua ini dirishani na kutaja kila kitu kwa sauti. Anataka pia kuiandika upya ile karatasi, imeanza kufifia.

Kwa sasa hayo ni ya mbali. Analichukua bakuli namba kumi na moja, anaingia nalo ndani, analiosha kwa maji ya moto na sabuni, analifuta. Kwenye rafu analiweka likiangalia juu.

"Kesho asubuhi ataufunua tena ule mdomo," anasema. "Nami nitakuwa nimesimama pale pale mlangoni. Aniambie mwenyewe ni rangi gani."